Mpe Mtu Yeyote Anayekuja Kindu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wa jirani yangu, na hayakunipata usiku. Naanza na hilo kwa sababu najua mnavyosikiliza visa vya namna hii: mnangoja giza liingie, mbwa alie, taa izimike. Hakuna. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Kindu likiwa limesimama utosini, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai. Nafundisha chuo kikuu. Nimeandika makala mbili kuhusu imani za watu wa Maniema, mkoa wetu huu wa Kongo, na humo nilieleza, kwa tanbihi nyingi, kwamba wafu hawarudi. Wanafunzi huzinakili makala hizo bila kuzisoma, na leo namshukuru Mungu kwa uvivu wao.

Kisa chenyewe kilianza na tai, ile ya kuvaa shingoni.

Nilitakiwa kukaa mbele ya watu kuwasikiliza wanafunzi wakitetea kazi zao za mwisho, na tai yangu ya pekee ilikuwa imeliwa na mende. Kwenye simu, katika kundi la wauzaji wa Goma, mwanamke mmoja nitakayemwita Mama Furaha alikuwa ameweka picha ya tai ya rangi ya damu ya mzee, nzuri ajabu. Nikakubali bei palepale. Kisha akaniambia bei ya kuisafirisha, nikakaa chini.

Nyinyi mnaoagiza vitu kwenye simu mnalijua jambo hili. Kitu ni rahisi, njia ndiyo ghali. Kuileta ile tai kwa ndege kulizidi bei ya tai yenyewe mara mbili na ushei. Na mimi, kwa kuwa nimesoma, sikuweza kunyamaza kama mtu mwenye akili. Nilimtumia Mama Furaha ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu uzito wa tai.

"Papa profesa," akajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo ndiyo huitwa njo, "ndege haijue kama ni tai. Inajua njo kilo moja. Chini ya kilo moja hakuna."

"Basi tia bei hiyo ndani ya bei ya tai, nisiione."

"Nikiitia ndani, utasema tai ni bei mubaya. Nikiitoa inje, unasema njia ni bei mubaya. Papa, unataka nikuletee kwa miguu?"

Hapo nikapata wazo ambalo kila mtu wa Kindu hulipata mapema au kwa kuchelewa: kutuma kwa mkono. Unampa msafiri mzigo, anakuja nao, anayepokea anamlipa kidogo mlangoni. Nikaandika: "Mpe mtu yeyote anayekuja Kindu. Nitamlipa hapa akifika."

Kisha ikaja sauti yake, chini kidogo kuliko kawaida.

"Papa, mutu yeyote? Taja jina. Weye si mutu wa Kindu? Mimi ni mutoto wa Kailo, na hata mimi najua."

Nilijua pia. Wakati wa vita treni iliacha kuja, mto ulifungwa, na ndege ilikuwa ya wenye bunduki. Tulibakiwa na baiskeli. Vijana walifunga juu yake mafuta ya mawese, mchele, sabuni, barua, hata mbuzi, wakaisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, wiki nzima porini. Kijana wa namna hiyo tulimwita mkono. Mzigo haukuondoka mpaka majina matatu yatajwe kwa sauti: anayetuma, anayepokea, na mkono. Jina la mkono ndilo lililokuwa kubwa. Njia zilijaa vijana walioondoka wasifike, na bibi zetu walisema hao bado wanatafuta mzigo wa kuwafikisha nyumbani. Ukiacha nafasi ya jina wazi, mmoja wao atakuja kuishika.

Katika makala yangu ya pili nilieleza kwamba desturi hiyo ilikuwa mbinu ya kuzuia wizi. Nilisifiwa sana.

"Mama," nikamjibu, "vita viliisha. Mpe yeyote."

Lazima sasa niwaambie habari za kaka yangu, la sivyo mengine hayatakuwa na maana. Nilikuwa na yaya, ndivyo tunavyowaita kwetu waliotutangulia kuzaliwa. Jina lake Shabani. Vita vilinikuta likizoni, nikashindwa kurudi chuoni Kisangani, na yeye ndiye aliyetulisha, mimi na Mama. Alikuwa mkono. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili nisiyejua kuziba pancha lakini ninayejua maana ya neno "dhana". Aliniita Profesa, kwa utani, na mbele ya marafiki zake kwa fahari.

Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kuelekea Kibombo. Nikamwomba apitie Tunda, nje kabisa ya njia yake, ampelekee msichana mmoja barua yangu. Kurasa nne. Msiniulize zilisema nini.

"Tunda ni mbali," akasema. "Chumvi ya njia ni kopo mbili."

Chumvi ndiyo iliyokuwa malipo siku hizo. Noti zilikuwa karatasi tu, lakini chumvi ilinunua hata cheo.

"Yaya, hata mimi?"

"Ndugu njo wa kwanza kulipa. Ndugu asipolipa, mugeni atalipa juu ya nini?"

"Utazipata ukirudi," nikasema.

Aliondoka asubuhi akipiga kengele. Hatukupata mwili, hatukupata baiskeli, hatukupata hata mtu wa kusema alimwona mahali. Kwa hiyo hatukufanya matanga. Mama alikataa. Utamlilia vipi mtu aliye njiani? Tangu siku hiyo nyumba yetu ya mtaa wa Kasuku ikawa nyumba ya watu wanaosikiliza. Nilioa, nikaachwa, nikapata shahada, nikaota kitambi, na muda wote huo sikio langu moja lilikuwa barabarani.

Sasa rudini kwenye tai.

Siku ya nne baada ya ujumbe wangu, saa nane mchana, mji umelala. Mama, ambaye macho yake yamekwisha, alikuwa chumbani kwake. Mimi nilikuwa barazani nikisahihisha mitihani, maana yake nilikuwa nasinzia. Nikasikia hodi.

Kijana alikuwa amesimama uani, ameshika baiskeli kwa fimbo. Shati lake la miraba lilikuwa na vifungo vyeupe na kimoja cheusi. Kile cheusi nilikitambua kabla ya uso wake. Mama alikishona mimi nimekaa kando yake nikilalamika njaa.

Niaminini, sikukimbia, na sidai kwamba ni ushujaa. Nilibaki nikikitazama kile kifungo.

"Salaam aleikum, papa," akasema.

Papa! Mimi, mdogo wake! Ndipo nikakumbuka mvi zangu, na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi kama ya mshona viatu. Yeye alikuwa na miaka yake ishirini na sita ileile.

"Aleikum salaam. Karibu."

"Niko na muzigo ya mudogo wangu. Profesa. Njo hapa anakaa, ao walihama?"

"Ni hapa. Ametoka."

"Atakuwa alienda kuazima kitabu." Akacheka, na lile jino lake la pembeni lililovunjika likaonekana. "Na weye njo nani, papa? Mupangaji?"

"Mpangaji," nikasema. Sijawahi kusema uongo uliokaribia ukweli kama ule.

Nikamletea maji. Akanywa kikombe chote bila kupumua, kama alivyokuwa akinywa. Nyuma ya baiskeli, imefungwa kwa mpira, ilikuwepo bahasha ya plastiki yenye mwandiko wa Mama Furaha: Profesa, Kasuku, Kindu. Mkono: yeyote.

"Chumvi ya njia ni kopo mbili," akasema. "Mwenyewe akifika atasema sisi ni ndugu. Musimusikie. Ni mutu wa maneno mingi, ila moyo yake ni muzuri. Ananituma mbali juu ya mwanamuke, na mimi naenda. Nifanye nini? Siku moja atamaliza masomo, njo atanilisha mimi. Tulipatana vile."

"Mlipatana naye?"

"Yeye hajue. Tulipatana na Mama."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosa. Jikoni kulikuwa na chumvi tele. Leo chumvi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote sokoni, na jikoni palikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Lakini sheria ya mkono niliijua. Mkono akilipwa, amemaliza, anaenda zake. Asipolipwa, mzigo haushuki, naye lazima arudi. Nyinyi mngefanya nini? Mtu mliyemsikiliza barabarani zaidi ya miaka ishirini amekaa mbele yenu anafuta jasho, na kinachomrudisha kesho ni neno moja?

"Chumvi haiko," nikasema. "Rudi kesho."

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama tulivyotazamana sote siku zile.

"Pole, papa. Hii vita itatumaliza."

Akageuza baiskeli, bahasha yake nyuma, akaondoka.

Saa kumi na mbili jioni Mama Furaha alipiga simu.

"Papa profesa, tai yako imerudi."

"Imerudi wapi?"

"Kwangu, hapa Goma! Yule kijana wa baiskeli. Siku ile nilimuuliza jina, akasema, 'Muliandika yeyote, mama.' Nikafikiri ataipeleka kwa kiwanja cha ndege. Sasa amerudi, vumbi mpaka kwa kope. Anasema mwenye nyumba hana chumvi. Papa, katika hii dunia ya leo, nani hana chumvi?"

Nilitazama mlango wa jikoni.

"Anasema muzigo ikikosa chumvi ya njia inarudi kule ilitoka, na yeye pamoja nayo. Nikamuambia alale, hata kwa baraza. Amekataa. Ameanza njia tena sasa hivi. Muguu yake inatoka damu, papa. Umefanya nini?"

Kutoka Goma hadi Kindu kwa barabara, hata lori hulala njiani siku nyingi, likifika. Kijana yule alikuwa ameondoka uani kwangu saa nane. Niliyafikiria hayo kitandani mpaka alfajiri. Mtadhani niliamka nikapima makopo mawili ya chumvi, nikayaweka tayari mlangoni. Sivyo. Niliamka nikaenda kununua samaki.

Ndiyo, nilimpikia. Wali na samaki, kwa mikono yangu, mimi nisiyeweza kuchemsha yai. Na nililazimika kupika bila chumvi, ili uongo wangu upate kusimama. Alikuja saa nane kamili. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na tairi la nyuma lilikuwa limejazwa nyasi badala ya mpira. Alikula kidogo, kwa adabu.

"Ni ile chakula yetu ya siku hizi," akasema. "Ya kukosa ladha."

Nikamuuliza habari za mdogo wake. Nilimuuliza kama mtu anayekuna kidonda. Akaniambia jinsi Profesa anavyoogopa maji, jinsi alivyomfundisha kuogelea kwa kumshika tumbo, mpaka mtoto akafikiri ni yeye mwenyewe anayeelea. Akaniambia kwamba Profesa husoma kwa sauti usiku, na yeye hujifanya amelala ili asiache. Hilo sikuwahi kulijua. Ningeweza kukaa pale mpaka Kiyama.

"Chumvi imepatikana?" akauliza mwishowe.

"Kesho."

Alitazama barabara. Kisha akanitazama mimi.

"Papa," akasema, "ile njia ni murefu."

Na mimi, msomi, mwandishi wa makala mbili, nilimwacha aende.

Jioni Mama aliniita chumbani.

"Nani alikuwa anaongea na weye muchana?"

"Mtu wa mzigo tu, Mama."

"Mutu wa muzigo iko na jina."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka samaki. Aliweka mikono juu ya magoti, na nilitegemea machozi. Nilitegemea atanituma nikamkimbilie njiani.

"Ulimulipa?" akauliza.

"Hapana."

"Siku mbili?"

"Mama, nikimlipa ataondoka."

"Na sasa anakaa? Unamutembeza Goma na Kindu, Goma na Kindu, juu weye unataka kumuona. Mimi njo nilimuzaa. Mimi sikumuona. Umesikia nimesema arudi?" Sauti yake ikawa ndogo. "Na mimi pia nilikosa. Watu walisema tumufanyie matanga, nikakataa. Siye wawili tulimukatalia kulala."

Siku ya tatu alinitandikisha mkeka mlangoni. Akakaa, bakuli la chumvi mapajani, kopo mkononi, kitambaa kipya kichwani. Kijana hakufika akiendesha. Alifika akiegemea baiskeli, kana kwamba sasa yeye ndiye mzigo.

"Salaam aleikum, mama."

Mama aligeuza uso upande wa sauti.

"Aleikum salaam, baba. Umechoka?"

"Kidogo."

"Leta hapa kitambaa yako ya kubebea chumvi. Watu wa hii nyumba wana haya mingi kuliko akili."

Alipiga goti mbele yake akatandaza kitambaa. Mama akachota, akapapasa ukingo wa kopo kwa kidole ahakikishe limejaa, akamimina. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa kijana, kama unavyomshika mtoto mahali penye watu wengi. Kopo la kwanza. La pili. Kisha akachota la tatu.

"Ilikuwa mbili, mama."

"Hii ni matabisi," akasema, kama muuzaji anayempa mteja nyongeza.

Nilingoja Mama aseme kwamba yeye ndiye mama yake. Nilingoja kwa mwili mzima. Hakusema.

"Mikono yako ni kama ya mama yangu," kijana akasema.

"Wamama wote wa Kindu wana mikono ya kutwanga majani ya sombe, baba."

"Yake iko na alama hapa, kwa kiganja. Alijikata na kisu ya mawese."

Mama akafunga kiganja. Nilikiona kikifunga, taratibu, vidole kimoja kimoja, mpaka kovu lile lote likafichika ndani. Mimi nimeandika maneno mengi maishani na hakuna hata moja lenye uzito wa kile kiganja.

Kijana akafunga kitambaa fundo, akafungua bahasha kwenye baiskeli, akanipa. Mkono wake ulikuwa wa moto, kama wa mtu yeyote aliyetoka juani. Sikuweza kuuachia vizuri, akacheka kidogo akauvuta.

"Mwambie Profesa nimepokea," akasema. "Na iko kitu ya kurudisha? Mukono haipende kurudi tupu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na vitu vya kurudisha vya zaidi ya miaka ishirini. Mama akaniwahi.

"Hakuna kitu, baba. Enda tupu. Ukifika, ulale."

Alitabasamu. Akapanda baiskeli, mguu ule wa kitambaa ukakanyaga pedali kama mguu mzima, akapinda kona ya kushukia mtoni. Sitawadanganya kwamba aliyeyuka hewani. Alipinda kona tu, na hakuna aliyewahi kumwona upande wa pili.

Kesho yake Mama aliita majirani tukafanya matanga, siku tatu, kwa Kurani na wali wa watu wote. Walipomuuliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii, alijibu kwamba habari imefika. Tangu siku hiyo hulala mchana usingizi mzito, na asubuhi huamka kama mtu aliyetua kitu. Mimi silali mchana tena. Siku ya utetezi nilikwenda bila tai, shingo wazi kama fundi wa magari, na mwanafunzi mmoja alinisifu kwa kuwa mtu wa watu. Mama Furaha bado ananiuzia vitu. Ananidai bei ya ndege kabla sijauliza, nami nalipa bila hotuba.

Basi nawaonya, nyinyi mnaoagiza vitu mbali na kubishania njia. Bishanieni bei ya kitu mpendavyo, lakini anayewaletea mlipeni siku ileile, mlangoni, kabla jasho halijakauka. Msimwambie arudi kesho. Hamjui ametoka wapi, wala nani anamngoja alale. Na msiache nafasi ya jina wazi.

Mimi siiachi. Lakini niaminini, kila ninapoagiza kitu, hata kalamu, kidole changu husimama juu ya simu mahali pale pa jina la mkono. Najua nikiandika "yeyote" atakuja. Angekuja hata kwa mguu mmoja. Ndiyo maana siandiki.